Tonge la Kwanza

Juzi, kwenye njia ya Buluo, nilimwona mama mmoja amebeba sufuria iliyofungwa ndani ya kitenge, mtoto akimfuata amevaa gauni la misa. Harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, ilinisimamisha.

Tulipohamia Likasi, nikiwa mtoto, kila Jumapili mama alinipeleka Buluo kumtembelea papa, baba yangu. Niliamini amepata kazi katika nyumba ile ya kuta ndefu, na kwamba wale walinzi ni watumishi wake. Langoni mama alifungua kitenge, na mlinzi akasema, "Mutoto aonje kwanza." Nilitafuna tonge langu taratibu, nikijivuna, nikidhani hiyo ndiyo heshima ya binti wa mkubwa. Sikujua kwamba lile ni gereza, wala kwamba walinzi walihofia sumu.

Alasiri moja mlinzi hakuniita. Alimnong'oneza mama, kisha akasukuma sufuria kwake, ingali ya moto, fundo halijafunguliwa. "Rudisha chakula, mama. Pole sana."

Nilidhani papa amekataa chakula chetu. Kifo sikukiwaza kabisa.

Njiani mama aliketi ghafla kando ya barabara, malori yakitupita na vumbi lao, akafungua kitenge.

"Kula, mutoto yangu. Maliza yote."

Nikala bukari, ugali wetu, na sombe, hata kichwa cha samaki ambacho siku zote tulimwachia papa. Nilikula kwa furaha. Mama hakugusa kitu. Alinipangusa mdomo kwa pembe ya kitenge, akaendelea kuupangusa hata baada ya kuwa safi.