Mama Fahali wa Voi na skuta iliyosubiri kauli ya ng'ombe

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Kaloleni mjini Voi. Koki Muinde anafungua mtungi wa bati ulio barazani mwake. Mvuke mweupe unafurika na kumwagika ubavuni, naye anatumbukiza kijiti cha mbao hadi chini kabisa. Anangoja kidogo. Kisha anakitoa na kukipunga hewani.

Ncha ya kijiti inaanza kuota utando mweupe wa barafu. Koki analaza vidole vyake juu ya utando huo kama mpishi anayepima maji ya wali. Vidole sita.

"Leo tuko sawa," anasema, na kuziba mtungi.

Ndani ya mtungi huo mna naitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko friji yoyote, na ndani ya naitrojeni zimezama mbegu za fahali, kila moja kwenye mrija mwembamba. Barafu ya kijiti huonyesha kina chake; naitrojeni ikipungua mno, mbegu hufa.

"Shida ni kwamba iliyokufa na iliyo hai zafanana," anaeleza. "Huwezi kujua kwa macho. Ng'ombe ndiye anajua."

Koki, mwenye umri wa miaka 43, hupandisha ng'ombe kwa mbegu hizo. Wataalamu huiita kazi hiyo uhimilishaji, lakini wafugaji wa Taita Taveta husema AI, kwa kifupi cha Kiingereza, na hawana haja ya neno jingine. Yeye mwenyewe wamempa jina. Kuanzia Voi hadi Mwanda, juu milimani, anajulikana kama Mama Fahali.

"Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikaona heri hilo kuliko waniite bwana ya ng'ombe," anasema, na kucheka kwa sauti inayomfanya jirani achungulie dirishani.

Hulipwa kati ya Sh1,500 na Sh2,500 kwa ng'ombe mmoja, kutegemea mbegu na umbali. Mwezi ukiwa mzuri huhudumia ng'ombe thelathini hivi. Wengi wako milimani, Wundanyi na kwingineko, ambako majani hayakauki upesi kama huku chini.

Na milima hiyo ndiyo alikuwa karibu kuipoteza.

Mwaka jana, ng'ombe mmoja karibu na Mwatate alimpiga teke kwenye goti la kushoto. Koki hamlaumu. "Hakuwa na ubaya. Mimi ndiye nilisimama mahali pabaya." Goti lilipona, lakini halikupona lote. Kwa mwendesha pikipiki huo ni msiba, kwa sababu mguu wa kushoto ndio unaobadilisha gia, na barabara ya kupanda Wundanyi haina kona isiyodai gia yake.

Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameendesha pikipiki ndogo ya kawaida. Baada ya teke, kila safari ya milimani ilimrudisha Kaloleni goti likiwa limefura.

Akajaribu kubebwa na bodaboda. "Hao vijana si wabaya. Lakini ukimwambia akungoje robo saa, ukitoka zizini ameshapata customer mwingine. Na ng'ombe hana subira. Akionekana yuko kwa joto asubuhi, yaani anataka dume, jioni umhudumie. Ukienda kesho yake, umeenda kusalimia tu."

Wakati huohuo mwenye duka moja la dawa za mifugo mjini alimwekea kiti nyuma ya kaunta. Kazi ya kivulini, mshahara kila mwisho wa mwezi, hakuna tope wala mateke. Alitaka jibu mwezi uleule. Nyumbani kwa Koki kila mtu aliona nyota ya jaha imewaka.

Yeye alishindwa kulala. "Nilikiogopa hicho kiti kuliko ng'ombe mkali. Nikikaa pale nauza dawa ya kupe, nani atapanda Mwanda? Ndama wangu wote wako huko."

Ndipo alipoiona skuta.

Ilikuwa imeegeshwa mbele ya duka la Samir Amin, mfanyabiashara wa Voi anayeuza pikipiki zilizotumika kutoka Mombasa. Si zile skuta ndogo za kwendea sokoni. Hii ilikuwa pana, ya rangi ya majivu, injini ya cc 250, kioo kirefu mbele na kiti ambacho sebule nyingi hazina. Haina gia ya mguu wala klachi. Unavuta mafuta, inakwenda.

Wanaume waliopita waliitazama na kuipa jina: pikipiki ya akina mama. Ilikuwa imekaa pale miezi minne.

Samir, ambaye hajawahi kukosa neno la kuuzia kitu, hakulikosa siku hiyo. "Dada Koki, hii si pikipiki, hii ni sofa. Chini ya kiti helmeti mbili zaingia, na nafasi yabaki. Mjini utapita kama samli, na ukitaka Taveta wenda na kurudi mgongo hauna habari. Ichukue siku tatu, uijaribu. Waniogopa nini?"

"Sikuogopi wewe, Samir. Naogopa mdomo wako," Koki alimjibu, na kuichukua.

Siku ya kwanza aliizungusha mjini, na mjini skuta ilimpendeza. Alipenya katikati ya malori kwenye barabara kuu bila mguu wa kushoto kufanya kazi yoyote. Breki zilishika barabara, kiti hakikumchosha. Aibu ilimpata mara moja tu, sokoni, alipotaka kuirudisha nyuma kwenye mteremko mdogo. Ni nzito. Ilibidi muuza vitunguu amsaidie kuisukuma, naye akauliza kama imebeba ng'ombe mzima.

Tatizo lilikuwa mtungi.

Mtungi wa naitrojeni haulazwi. Ukiulaza, unamwaga. Koki alikuwa na hakika utasimama katikati ya miguu yake, kama anavyoona watu wakibeba mitungi ya gesi kwenye skuta ndogo. Lakini skuta kubwa za namna hii hazina sakafu bapa. Katikati ya miguu pana nundu ndefu inayoficha tangi la mafuta. Mtungi ulikataa kukaa.

Akafungua lile sanduku la chini ya kiti, la helmeti mbili na nafasi inabaki. Mtungi ulikuwa mrefu kuliko sanduku.

"Nilimpigia Samir. Nikamwambia, helmeti zaingia kweli, lakini mimi sipandishi ng'ombe na helmeti."

Mwishowe aliufunga mtungi nyuma, kwenye kiti cha abiria, kwa vipande vya tyubu. Siku nzima ya mjini ilipunguza barafu ya kijitini kwa kiasi kidogo tu. Aliona hilo linavumilika.

Siku ya pili, saa moja asubuhi, simu ililia. Alikuwa Immaculate Mghoi, mkulima wa Mwanda mwenye shamba la kabichi na ng'ombe mmoja aitwaye Jumatano, kwa kuwa alizaliwa siku hiyo. Jumatano alikuwa kwa joto tena. Alikuwa ameshapandishwa mara mbili na mtu mwingine, na mara zote mbili alirudi, yaani hakushika mimba na akataka dume upya. Shemeji za Immaculate walishaanza kumtaja mchinjaji.

"Nilimwambia Mama Fahali, hii ndiyo ya mwisho," anakumbuka Immaculate. "Akirudi tena, hao watu hawatanisikiza."

Koki aliondoka Voi adhuhuri. Kwenye lami hadi Mwatate, anasema, ilikuwa raha tupu. Kioo kilimkinga upepo, mashamba ya mkonge yakapita, na kwa mara ya kwanza tangu teke lile alijikuta akiimba nyimbo za kwaya barabarani. Kupanda Wundanyi nako skuta haikulalamika. Kona baada ya kona ilivuta yenyewe, na goti lilikaa tuli kama mgeni.

Baada ya Wundanyi alikutana na kipande kibovu, mvua imelima mitaro na kuacha mawe juu. Magurudumu ya skuta ni madogo kuliko ya pikipiki. Kila shimo lilimwingia mpandaji hadi mifupani. Tumbo la skuta liko chini, likakwaruza jiwe mara mbili, na huko nyuma mtungi ulikuwa ukirukaruka na kutoa moshi kando ya kizibo.

Alisimama, akachovya kijiti. Vidole viwili.

"Nilikaa kando ya barabara nikalia kidogo, sitaficha," anasema. "Nilijua mbegu bado zimezama nusu tu. Nikirudi Voi kujaza, joto la Jumatano limepita. Nikiendelea hivi, nafika na mtungi mkavu. Na nikakiona kile kiti cha kaunta kinaningoja."

Alichofanya baada ya hapo hakimo katika kitabu chochote cha skuta. Kiti chake ni kirefu, na Koki ni mfupi. Alisogea nyuma hadi mgongo ukagusa kiegemeo, akausimamisha mtungi mbele yake juu ya kiti, katikati ya mapaja, akaukunjia koti na kuufunga kiunoni kwa leso yake ya kujitanda. Akaendesha hivyo hadi Mwanda, polepole, ameukumbatia kwa magoti.

"Mwili wangu ndio ulikuwa springi. Hata mtoto wangu wa mwisho sikumbeba kwa makini hivyo."

Immaculate alishangaa kumwona zizini. Hakuwa amesikia kitu. "Ile pikipiki yake ya zamani ikifika, mbwa wote walikuwa wanajua. Hii, hata Jumatano hakuinua masikio. Nikamuuliza, leo umeletwa na upepo?"

Jumatano alisimama kwa utulivu, jambo ambalo Koki analihesabu kama faida ya skuta. Alimhudumia jua likielekea kuzama. Alipopima tena, barafu ilibaki palepale, vidole viwili. Kama mbegu ilikuwa hai au la, hakujua.

Alilala Mwanda, akashuka asubuhi. Mteremko ulimfundisha jambo ambalo Samir hakulitaja. Pikipiki ya gia ukiiweka gia ya kwanza hujizuia yenyewe, lakini skuta hii huziachia breki karibu kazi yote. Alisimama mara tatu kuzipoza, harufu ya kuungua ikimfuata.

Dukani, Samir aliuliza kama anaichukua. Koki alimweleza yote: mjini ni nzuri, lami ni nzuri zaidi, kupanda yaweza, kushuka yataka akili, mawe haiyapendi, na mafuta yanywa kuliko ile ya zamani. Kilichobaki ni jambo moja, kama yaweza kubeba mbegu hadi milimani ikafika hai.

"Hilo si mimi wa kusema. Tungoje Jumatano."

"Jumatano ni kesho," alisema Samir.

"Ni ng'ombe. Akirudi, atarudi baada ya wiki tatu."

Samir alishika kichwa. "Ya Rabi! Mimi nauza pikipiki, siuzi maziwa." Lakini aliiingiza skuta ndani na kuifunika turubai. Anakiri kwamba hakukuwa na mtu mwingine aliyeiulizia. Mwenye duka la dawa naye alikubali kungoja, shingo upande.

Katika kazi ya Koki, simu isipolia ndiyo habari njema. Mfugaji hapigi kusema ng'ombe ametulia. Hupiga kulaumu.

Siku ya ishirini na moja simu haikulia. Wala iliyofuata. Siku ya ishirini na tatu, mwandishi wa makala haya akiwa barazani Kaloleni, simu ililia, na jina lililotokea lilikuwa Immaculate. Koki aliitazama bila kuigusa mpaka ilipokaribia kukatika.

"Amerudi?" aliuliza, bila salamu.

"Nani?" sauti ya Immaculate ilisikika wazi. "Jumatano? Ametulia, anakula tu. Nimekupigia kwa sababu ya mtamba wa jirani. Yuko kwa joto, amepiga kelele tangu asubuhi. Uje na hiyo pikipiki yako ya kimya, huyu ni mwoga."

Koki alifunika uso kwa mikono yote miwili, kisha akamwambia anakuja.

Anajua kutulia si kuzaa. Uchunguzi wa mimba atakwenda kuufanya baada ya miezi miwili. Lakini skuta ameshaamua. Pikipiki ya zamani atampa Samir kama sehemu ya bei, inayobaki alipe kidogokidogo. Kimanzi, fundi wa kuchomelea wa hapo Kaloleni, tayari amepima kiti na atamtengenezea kikapu cha chuma chenye springi za kochi kuukuu, kikae mbele, mahali mtungi ulipokaa siku ile. Ndama akija, anasema, angependa kuwa pale kumpokea.

Kisha akampigia mwenye duka la dawa. Mazungumzo hayakuwa marefu. "Nashukuru sana, ndugu yangu. Hicho kiti mpe mtu mwingine."

Akaweka simu chini, akafungua mtungi na kutumbukiza kijiti. Vidole vitano. Akaiokota leso, akabeba mtungi, akatoka kwenda kwa Samir kuchukua skuta.