Foto ya Mwenye Mawese

Njia ya Kasongo kwenda Kabambare naijua kwa mgongo. Kila shimo lilinifikia pale nyuma ya pikipiki. Mjini Kasongo nina studio ndogo, ya foto za kadi na za arusi. Nilikuwa nimechoka na nyuso za poda, nikaanza kusafiri nipige foto watu walio kazini: wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila, akina mama wanaotoka mashambani. Nilijisifu moyoni. Nilidhani ninawaheshimu.

Asubuhi moja, mvua imetoka tu kukatika, tulimkuta baba mmoja wa makamo akisukuma kinga, baiskeli yake, iliyobeba bidoni nne za mafuta ya mawese. Alibakiza hatua chache kufika juu ya mlima. Jasho lilikuwa limemjaa hadi kwenye kope. Nikamwambia dereva wangu wa pikipiki asimame.

"Papa, naomba nikupige foto."

"Piga tu."

Nikapiga, lakini mwanga ulikuwa nyuma yake, uso ukatoka mweusi. Ndipo nikatamka maneno ambayo hadi leo nayajutia: "Papa, shuka kidogo, halafu upande tena. Polepole."

Alinitazama, akatazama mteremko. Labda ni nguo zangu za mjini, labda ni ile apareyi ya foto shingoni, hakubisha. Akashuka. Alipokuwa anapanda tena, tairi la nyuma liliteleza, kamba ikakatika, bidoni moja ikapasukia kwenye jiwe. Mafuta mekundu yakatambaa ndani ya matope.

Alipiga magoti akaanza kuyachota kwa viganja, mafuta na matope na majani pamoja, akiyarudisha kwenye kipande cha bidoni. Na mimi nikapiga. Nilisogea, nikainama, nikautafuta uso wake, nikapiga tena. Mwanga sasa ulikuwa mzuri. Nasema kweli: nilifurahi.

Dereva ndiye aliyeiangusha pikipiki yake na kwenda kumsaidia. "Weka hiyo apareyi chini!" akanifokea.

Yule baba aliinuka, mikono mekundu hadi viwikoni. Nikampa pole, pole tupu. Akaniuliza bila hasira: "Sasa iko muzuri? Umepata?"

Nikamwonyesha. Akainama kuitazama.

"Hapana. Watu wa kwangu wataona sawa vile niko naomba." Akajifuta kwa majani, akatoa shati safi kwenye mfuko uliofungwa kwenye usukani, akalivaa, akasimama wima kando ya njia. Nikampiga moja, haraka haraka, maana mawingu yalikuwa yanarudi.

Niliporudi Kasongo, watu niliowaalika ukumbini kutazama kazi yangu walisongamana mbele ya foto ya yule baba akipiga magoti. "Mateso yanaonekana kabisa," mmoja akasema, mdomo umejaa biskuti. Nikatabasamu, nikamshukuru. Nikaenda nyuma ya ukumbi, nikatapika. Kisha nikanawa, nikarudi kuwashukuru wengine.

Ile ya shati safi niliichapisha, nikampa dereva ampelekee yule baba huko Kabambare. Alirudi baada ya siku nne.

"Amefurahi. Ameitundika ukutani. Akauliza ile ingine iko wapi."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia umeshaifuta."

Akatema mate karibu na kiatu changu, akawasha pikipiki. Tangu siku ile hajanibeba tena. Na foto ile, sijaifuta.