Studio Isiyonuka Gundi

Jina alilopewa na majirani ni Mama Mashaka, na wala hakuchukia. Mdogo wake humtania, "Dada, wewe hata chumvi unaiuliza imetoka wapi." Ni msanifu majengo aliyestaafu, na siku hizi vyuo humwita akague kama vyumba vya kuchorea vinawafaa wanafunzi.

Chuo kimoja kilimpokea kwa mbwembwe. Studio ilikuwa mpya: kuta za vioo, taa nyeupe, meza pana. Mkuu wa idara alimtembeza huku akitabasamu mfululizo. Kila mwanafunzi aliyeulizwa alijibu vilevile: "Nzuri sana, mama. Inatufaa."

Sifa zikizidi, Mama Mashaka hukaza macho. Alipitisha kiganja juu ya meza. Laini. Akainama na kunusa; hakuna hata harufu ya gundi. Wanaosomea ujenzi hukata kadibodi kwa wembe kutwa, meza zao huchanjwachanjwa kama ubao wa kukatia mboga. Lakini kabatini vijumba vya kadibodi vilijaa tele. Nani kavitengeneza? Wazo la kwanza likawa baya: watoto hawa wanafanyiwa kazi.

Akamwona binti mmoja mwenye gundi kavu vidoleni.

"Mwanangu, hiyo gundi umeishikia wapi?"

Binti akaficha mkono. "Kwani mama umetumwa na nani?"

"Na mkuu wenu. Ila sikuja kumfurahisha."

Binti alimpima kwa macho, akageuka kutazama ukuta wa kioo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Twende nje."

Nyuma ya chuo kulikuwa na karakana ya seremala. Wenzake walikuwa humo, wamechuchumaa katikati ya mbao, wakikata, wakibishana, vumbi la msumeno likitua juu ya michoro. Walipomwona mgeni, wakaweka nyembe chini.

"Pale studio, ofisi ya mkuu inatutazama kupitia vile vioo," binti akaeleza. "Ukifuta mstari, kaona. Ukikaa kufikiri, kaona, na kesho anakuita mvivu mbele ya wenzako. Mtu atajifunza vipi kama haruhusiwi kukosea?"

Mama Mashaka aliona haya kwa lile wazo lake la kwanza. Akarudi kwa mkuu na kumwambia wazi kwamba chumba ni kizuri ila hakitumiki, kwa sababu wanafunzi wanahisi wanapelelezwa.

Tabasamu la mkuu likafutika. "Nani kakwambia?"

"Swali hilo hilo ndilo linalowakimbiza, baba. Jina sikupi."

Mkuu alinuna, akasema wanafunzi wa leo wanadeka. Lakini ripoti ya Mama Mashaka ilipofika kwa wakubwa zake, ofisi yake ikahamishiwa ghorofa ya chini na vioo vikawekwa mapazia.

Baada ya muda Mama Mashaka akampigia binti simu. "Mmerudi?"

"Baadhi, mama. Mimi bado nachungulia kwanza."

"Chungulia tu, mwanangu," akajibu. "Usiingie mpaka roho itulie."