Sura ya Tata Mukiza

Swali lililoninyima usingizi kwa miaka mitatu ni fupi: wale vijana wangeijua nyumba yake bila karatasi yangu?

Nimelijibu kwa kila namna. Wangeijua, kwa sababu Kapata, mtaa wetu wa wachimbaji hapa Kolwezi, hauna siri. Wasingeijua, kwa sababu nyumba za Kapata zilijengwa na kampuni ya migodi kwa ramani moja, safu baada ya safu, na mgeni hupotea hata mchana. Wangemkuta siku nyingine. Wasingemkuta, wangechoka na jua, wangerudi kunywa. Nilisoma sosholojia miaka mitano Lubumbashi. Najua kupanga sababu pande mbili mpaka zilingane uzito. Ni ustadi ninaouchukia.

Kabla ya hayo yote siku zilikuwa za kawaida sana. Nilikuwa nimerudi nyumbani na diploma ndani ya plastiki, nikapata kazi kwenye duka la mzee mmoja, Tata Patrice, la kuchapa barua na kutoa nakala. Mashine tuliifunika kitambaa, maana malori ya mgodi wa Mutoshi yakipita vumbi huingia hata kwenye chai. Watu walikuja na maombi ya kazi, mimi nikawaandikia sentensi nzuri ambazo kwangu mwenyewe hazikuwa zimefanya kazi.

Ng'ambo ya barabara alikaa Tata Mukiza, fundi viatu. Alishona buti za wachimbaji. Alikuwa mrefu, miguu ameikunja pande mbili za kigoda, misumari midomoni, kofia ya buluu yenye vifuniko vya masikio hata katika joto la Oktoba. Akicheka, pengo la meno ya mbele lilionekana toka dukani kwetu. Babu yake aliletwa na kampuni kutoka ile nchi ndogo ya mashariki, babu yangu kutoka Kasai, wakachimba shaba ileile. Nyumba yao na yetu zilipeana mgongo. Mama na mkewe, Mama Espérance, walitumia kamba moja ya kuanikia nguo.

Vita ilikuwa mbali, mashariki, lakini ilituingia kwa simu. Asubuhi mji fulani umeshikwa, jioni umekombolewa, kesho umeshikwa tena. Nchi ndogo jirani ilisema haina askari hata mmoja huku. Nchi kubwa zilisema zina wasiwasi. Wakubwa wetu walisema tusiogope, na watoto wao walikuwa wanasoma ng'ambo. Nilipata kichefuchefu, na kwa kuwa sikuwa na pa kukitapikia, nilichora.

Katuni yangu ya kwanza ilikuwa meza. Juu yake, nchi yetu kama sufuria. Mtu mdogo amepanda kigoda, mkono mzima umezama sufuriani mpaka begani, naye anawaambia wageni wenye tai, "Miye shiko pale." Nilimwita Bwana Jirani.

Kasoro yangu ni kwamba siwezi kubuni sura. Lazima niwe na mtu mbele yangu. Na mtu aliyekuwa mbele yangu, kila siku, ng'ambo ya barabara, alikuwa Tata Mukiza. Nikamchukua kofia, pengo, masikio.

Kapata nzima ilimtambua. Yeye mwenyewe alivuka barabara na nakala iliyotolewa dukani kwetu mkononi.

"Ngalula, uliniiba sura!"

"Ni Bwana Jirani, Tata."

"Bwana Jirani na kofia yangu? Sawa. Lakini aya masikio ni ya baba yako, miye sina masikio ya vile."

Wateja walicheka mpaka Tata Patrice akatoka nje kuona kuna nini.

"Unipatie ingine moya," Tata Mukiza akasema. "Nitabandika pale pa kazi. Batu baone niko na fasi pa meza ya Kongo."

Akaibandika kweli, juu ya kopo la gundi.

Nilichora nyingine pia. Jenerali wetu chini ya meza ileile, anaongea na simu mbili, huku askari wake wanapika mikanda yao. Tata Patrice aliitazama, akaigeuza kifudifudi.

"Hii hapana, Mademoiselle. Hii itatuletea ba-jeep ya jeshi. Chora ule wa kule."

Nikaichana. Nasema hili ili ijulikane ushujaa wangu ulikuwa wa kiasi gani. Nilimcheka yule ambaye mkono wake haungenifikia, na hata hivyo sikuweka jina langu. Katuni zilisainiwa kwa nukta tatu tu. Zilitoka kwenye simu yangu kwenda kwa Tata Patrice, na kutoka kwake zikaenda kwa Kolwezi yote.

Kisha nchi ndogo ikajibu. Msanii wa kule, simjui mpaka leo, alichora barabara iliyojaa buti tupu. Mbele kabisa, askari wetu mnene anakimbia pekupeku, godoro kichwani, redio kwapani. Chini ameandika: "Tunasonga mbele, nyumbani." Ilikuwa nzuri. Mistari michache, kila mmoja mahali pake. Ilikuwa nzuri kuliko zangu zote, na nakiri kwamba hilo liliniuma kuliko matusi kwa taifa.

Wakati huo Dieudo, mtoto wa Mama Ngoie wa mlango wa tatu kutoka kwetu, alikuwa ameshapelekwa mashariki. Kabla ya kuondoka Tata Mukiza alimtia soli mpya kwenye buti zake, akakataa malipo. Alimwambia akirudi amletee kofia mpya.

Nilikaa siku mbili na hasira. Nikamchora tena Bwana Jirani. Kichwa kilekile, kofia, pengo, lakini chini ya shingo nikamtia mwili wa mdudu. Miguu sita yenye vinyweleo, tumbo la mafuta, na buti kubwa ya Kikongo inashuka juu yake. Niliituma kwa Tata Patrice asubuhi.

Mama aliiona kwenye simu yangu wakati wa chakula. Aliacha kula.

"Nani alikufundisha kuchora bilulu?"

"Mama, ni katuni tu. Ni nchi, haiko mutu."

"Nilikuwa na miaka kumi na moya," akasema. "Sisi Bakasai balitufukuza mu manyumba. Tulilala pa gare hapa Kolwezi, tunangoja train. Mutu alichora kilulu na makala pa behewa, akaandika jina yetu chini."

Nilijua kisa cha stesheni, jinsi wenyeji wa Katanga walivyowafukuza watu wa Kasai; kila mtoto wa Kikasai hapa anakijua. Cha kilulu, cha huyo mdudu, sikuwa nimewahi kukisikia.

Mama akanirudishia simu.

"Ule hakujua kuchora. We unajua."

Ningeweza kumpigia Tata Patrice aifute. Simu ilikuwa mkononi. Nikatazama, watu walikuwa wameshaanza kutuma vichwa vinavyocheka machozi, mmoja baada ya mwingine, na msanii mmoja wa Lubumbashi niliyemheshimu ameandika, "Sasa tumejibu." Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Sikupiga.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba Dieudo amekufa na mwili hautarudi.

Kilio kiliwekwa kwa Mama Ngoie. Kwetu Kapata, kukiwa na kilio, kila nyumba ya safu hutoa viti. Hakuna anayesubiri kuombwa. Siku ya tatu wakaja vijana wa mjini, rafiki wa marehemu, wengi wamekunywa. Tata Patrice naye alikuwa pale. Alikuwa ametoa nakala za katuni yangu ya mdudu dukani, bure, akazigawa kama mtu anavyogawa maji. Kati ya wale vijana mmoja akasema kwamba Dieudo asingekufa kama buti zake zisingefunguka soli. Sijui alilitoa wapi. Mwingine akauliza nani alizitengeneza, akaambiwa ni huyu wa kwenye karatasi.

Mimi nilikuwa kwenye bomba la maji, mwisho wa safu, na ndoo, na niliyasikia.

Niliwaona wakiingia safu ya nyuma yetu. Tata Patrice mbele, karatasi mkononi; alimjua fundi wa barabarani, si mlango wake. Vijana waligonga mlango, wakatazama uso wa mtu, wakatazama karatasi, wakaenda mlango wa pili.

Nilielewa kabla ya kufikiri.

Kisha nikaanza kufikiri. Nikisema ni mimi niliyechora, watasikia? Watanigeukia? Watauliza, Mukasai huyu anamtetea nani? Labda nimwite askari. Labda nimwite Mama. Labda wapite tu.

Tata Mukiza akatoka mwenyewe. Hakuna aliyemgongea. Alikuwa amebeba viti viwili, kimoja kila mkono, na kofia yake kichwani.

"Njo ye," mmoja akasema. "Angalia meno."

"Alikata ba-soli!"

Akatabasamu, kwa kutoelewa. Pengo likaonekana.

"Batoto, hii ni biti bya kilio."

Jiwe la kwanza lilipiga kiti.

La pili halikupiga kiti.

Mama alipita mbele yangu mbio, bila viatu. Hakuenda kwa Tata Mukiza. Alizunguka nyuma, akamvuta Mama Espérance na binti yake kupitia chini ya kamba ya nguo, akawafungia chumbani kwetu.

Mimi nilikuwa bado na ndoo.

Wanajeshi walikuja wakapiga risasi hewani. Nililala chini, mdomo kwenye matope ya bomba. Nikasikia miguu mingi, kisha bati, kisha moto ukishika paa.

Nilipoinuka, Tata Patrice alikuwa amesimama karibu na viti. Alinitazama. Akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Tata Mukiza alifia hospitali siku ya pili.

Kwenye jalada waliandika kwamba aliuawa na watu wasiojulikana. Nyumba iliungua na kila kitu. Mama Espérance akaondoka na binti yake kwenda Kasaji. Jumatatu nilirudi kazini, nimesema nimerudi kazini, na Tata Patrice akanikaribisha kama kawaida.

"Mademoiselle, siye hatukuona kitu," akasema, akatoa kitambaa juu ya mashine.

Nilinyamaza miaka mitatu. Nilichapa barua. Ng'ambo ya barabara muuza mafuta akaweka mapipa yake.

Wakubwa wetu na wakubwa wa nchi ndogo wakapeana mikono kwenye televisheni, wakitabasamu kwa meno yote, hakuna aliyekosa hata moja. Nilitazama mikono ile nikajisikia mchafu mpaka kwenye ufizi. Msanii wa kule labda naye alitazama. Sijui kama kwao kuna fundi viatu aliyelipia ile barabara ya buti.

Halafu, mwaka huu, Tata Patrice akaingia dukani na furaha. Kuna watu wanataka kukusanya katuni za vita, watoe kitabu. Wanamtafuta yule wa nukta tatu.

"Na kilulu kitakuwa juu ya kava! Sasa utatia jina yako, mutoto wangu. Utakuwa mukubwa."

Nilienda nyuma ya duka nikatema mate mpaka koo likakauka. Kilichonitia kinyaa zaidi ni kwamba kwa dakika moja, kabla ya kutema, nilikuwa nimefikiria rangi ya kava.

Kesho yake nilipanda motoka ya abiria kwenda Kasaji, na karatasi ya asili ndani ya plastiki ya diploma. Mama Espérance anauza unga wa muhogo karibu na reli. Alinipa kigoda. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, yenye utangulizi. Nikatoa karatasi, nikasema, "Mama, ni miye nilichora."

"Ninajua," akasema. "Nani mwingine alimwangalia kila siku?"

Aliitazama sana. Kisha akaweka kiganja juu ya mwili wa mdudu, miguu yote sita ikafunikwa, kikabaki kichwa. Kofia. Pengo.

"Ba-photo yote iliungua," akasema. "Mutoto wangu anaanza kumusahau. Sura yake iko hapa tu."

Nilimwambia nitamchorea nyingine, nzuri, leo hii, nina kalamu.

"Hapana." Hakupaza sauti. "Sura hapana tena, Ngalula. Mi nataka majina. Pa parquet balinifungia dossier juu ya batu bashiojulikana. Wewe unabajua."

Nikaanza kusema kwamba ilikuwa vurugu, kwamba niliona nusu tu, kwamba sheria. Alinisubiri nimalize, kiganja bado juu ya karatasi. Sikumaliza.

Parquet ya Kolwezi, ofisi ya mashtaka, hufungua asubuhi. Nilifika kabla ya karani. Alikuwa mtu mpole, miwani ina kamba. Alisikiliza, akatazama katuni, na midomo yake ikatetemeka kidogo, nikaona anajizuia kucheka. Hata huko. Hata baada ya kuambiwa.

"Mademoiselle, alikufa na majiwe. Karatasi haiko na mikono."

"Andika tu, Tata."

"Na nani alibeba karatasi?"

Nikafikiria barua za maombi ya kazi, kitambaa juu ya mashine, mtu aliyenipa kazi wakati hakuna aliyenipa. Nikataja jina lake. Nikataja na la yule wa soli, na mawili mengine niliyokuwa nayo kichwani kwa miaka mitatu nikijifanya sina uhakika nayo.

Akanigeuzia karatasi. Niliandika jina langu lote, la baba na la babu aliyeletwa kuchimba, chini ya miguu ile sita. Akapiga mhuri juu yake.

Kisha akauliza wapi wanaweza kunipata wakinihitaji. Nikampa namba ya nyumba yetu Kapata, na kwa kuwa nyumba zinafanana, nikamwelekeza: safu ya bomba, nyuma ya ile iliyoungua.