Dhamana Niliyolipa na Hakuna Aliyeidai

Admin wa ukurasa huu, funika jina langu na la kaka yangu, mengine yaache yalivyo. Nina miaka thelathini na mbili, Mkenya, nafanya kazi za nyumbani Al-Suwaidi hapa Riyadh, mwaka wa nne sasa. Tangu nilipomaliza kidato cha nne naandika daftari kila siku, tarehe juu, yaliyotokea chini. Kwa hiyo haya sikuyatoa kichwani. Nimeyasoma tena asubuhi hii na nimekasirika kuliko siku yalipotokea.

Kaka yangu ni dereva wa familia moja Jeddah, analala Bani Malik na madereva wenzake. Miezi miwili iliyopita aligonga pikipiki ya mtu anayepeleka vyakula. Yule mtu alivunjika mguu, kaka akawekwa ndani. Kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini kisheria, alikuwa amesafiri nje ya nchi. Haya yote niliambiwa kwa simu na mwenzake wa chumbani.

Huku tuna grupu la WhatsApp la Wakenya, wengi wetu wanawake wa kazi za nyumbani. Anayeliongoza tunamwita Mwenyekiti. Amekaa hapa miaka mingi, Kiarabu anakimwaga, na mtu akifiwa au akishikwa ndiye anayepigiwa. Nikampigia. Daftari langu la Jumatatu hiyo linasema hivi: "Nimemwambia kaka ameshikwa. Nimemuuliza dhamana ni pesa ngapi. Amesema ataulizia."

Someni hayo maneno vizuri. Yeye hakutaja pesa, mimi ndiye niliyezitaja. Kwetu mtu akishikwa, swali la kwanza ni ngapi, hata kabla ya kuuliza amekosa nini. Baba yetu aliwahi kutolewa kwa pesa taslimu, na kesi ilipoisha zikarudi kwa mama kwa sababu jina lake ndilo lililokuwa kwenye risiti. Nilikuja na akili hiyo mpaka Saudia.

Jioni alinipigia. "Dada, ni riyali elfu nne."

"Zitarudi kesi ikiisha?"

"Hizi si za kurudi, ni ada. Huku si Kenya."

"Na risiti?"

"Risiti inabaki kwa polisi. Sasa wewe unataka karatasi ama unataka kaka?"

Mshahara wangu ni riyali elfu moja kwa mwezi. Nilikuwa na elfu moja na mia tano. Zilizobaki zilichangwa na wanawake wa grupu, hamsini, ishirini, mmoja akatoa kumi na kuniomba radhi kwamba ni kidogo. Ijumaa nikampelekea Batha, mbele ya duka la simu. Alizihesabu mara mbili, akaniambia Mungu ni mwaminifu, akaondoka.

Siku sita baadaye kaka alitoka. Nikajaza ukurasa mzima wa shukrani kwa Mwenyekiti.

Kisha, wiki tatu zilizopita, kaka alikuwa anamwendesha kafili wake, akaona amshukuru kwa kushughulikia zile pesa, akidhani zilipitia kwake. Alinisimulia kwa simu.

"Ameniuliza, fulusi gani? Nikamwambia za dhamana. Amecheka mpaka akakohoa. Ati mafi fulusi, hakuna pesa, nilitoka safari nikaenda kituoni na kitambulisho changu, nikasaini kwamba ukiitwa utafika, halas."

"Hakulipa kitu?"

"Hata riyali. Na ule mguu unashughulikiwa na bima ya gari. Huyo Mwenyekiti wenu, kafili hamjui, hajawahi kuongea naye."

Kumbe siku zote hizo kaka alikuwa anangoja mtu arudi safari. Pesa zetu hazikufika hata Jeddah.

Nilimpigia Mwenyekiti. Sikumfokea. Nilimsomea tarehe moja moja, nikamuuliza alimlipa nani, kituo gani, siku gani. Kwanza alisema alikuwa na gharama za kufuatilia. Nikamuuliza alifuatilia wapi. Hapo sauti ikabadilika.

"Sikiza, wewe ndiye uliuliza ngapi. Na kabla hujaenda kulia kwa grupu, kumbuka kuna wasichana walitoroka kwa makafili wao. Hawana ikama, kibali cha kuishi huku hawana. Vyumba niliwatafutia mimi, kila mlango naujua."

Wasichana hao ni watatu. Mmoja ni yule aliyenipa riyali kumi.

Nilimwambia kaka. "Achana na hiyo stori," akasema. "Mimi si nilitoka?" Alitoka, ndiyo. Lakini sikuwaomba watu wanichangie nimnunulie mwizi mboga, na naona aibu kwamba bei aliifikiria baada ya mimi kumfungulia mlango.

Ningekuwa nimemeza hasira nikanyamaza, lakini jana ameweka tangazo lingine. Binti mmoja ameshikwa hapa Riyadh, dhamana ni riyali elfu tano, tuchange kabla ya Ijumaa. Shangazi yake, ambaye naye anafanya kazi huku, ameandika kwamba tayari amemwomba madam wake mshahara wa miezi miwili mbele. Watu wanaandika amina na kuuliza wamtumie nani. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama kafili wa binti amepigiwa, au kituo chenyewe kinataka nini ili kumwachilia. Mimi pia sikuuliza.

Nikimwandikia shangazi pembeni, atakwenda kumuuliza Mwenyekiti, naye atajua ni mimi. Nikilisema kwenye grupu, wale watatu wanaweza kushikwa siku hiyo hiyo. Nikinyamaza, nitakuwa nimemsaidia kuiba mara ya pili, safari hii nikijua.

Nyinyi mnaoishi huku, msiniambie nimwachie Mungu, hilo nimeshaambiwa. Niambieni kabla ya Ijumaa kama niseme. Na kama nikisema, mwenye chumba cha kuwahifadhi wasichana watatu amwandikie admin leo.