Ndengu za Mama Kwenye Plaiwudi

Nakiri mapema kabla Kioko, mwenzangu wa darasani, hajawasimulia kwa njia yake: ni mimi niliyemwaga mbegu za mama yangu kutoka kwa kibuyu, nikajaza changarawe mahali pake, nikaziba mdomo kwa gunzi la mahindi vile vile nilivyolikuta, halafu nikaenda kulala kama mtu aliyeokoka. Nilikuwa kidato cha pili na akili zangu zilikuwa timamu, kwa hivyo msinitafutie kisingizio, nimeshatafuta mwenyewe na sikupata.

Mambo yalianza na Madam Syombua, mwalimu wetu wa sanaa, aliyekuja hapa Matiliku moja kwa moja kutoka chuoni na mfuko wa kitambaa uliojaa mawe (mawe kweli, alikuwa anayaokota njiani na kuyapapasa kama mtu anayechagua parachichi sokoni). Siku ya Wazazi ilikuwa inakaribia na darasa letu lilitakiwa kuonyesha picha. Basi sote arobaini tukachora milima ya Kilungu, milima arobaini yenye jua arobaini, na yangu ilikuwa na ng'ombe anayefanana na meza. Akapita katikati ya madawati, akaziangalia zote bila haraka, akasema, "Milima nimeiona. Nileteeni vile inavyokwaruza mkono."

Tulicheka wiki nzima. Nilimwigiza nyuma ya jiko la shule, napapasa kichwa cha Kioko nimefumba macho, nasema ninahisi hapa kuna mmomonyoko wa udongo. Lakini shida ya maneno ya namna hiyo ni kwamba yanakufuata nyumbani. Jioni moja nikichunga mbuzi nikajikuta nimeweka kiganja kwenye gome la mgunga (niliangalia kwanza kama kuna mtu), na gome lilikuwa na mabonde, lilikuwa na njia, lilikuwa na mahali pa moto na mahali pa baridi, nikashangaa kwamba nimepita hapo tangu nikiwa mdogo na kazi pekee niliyowahi kuupa ule mti ni ya choo.

Baada ya hapo nikawa kama mgonjwa. Nilitoa kifuniko cha sanduku la zamani la majani chai, plaiwudi safi kabisa, nikakificha ghalani. Nikabandua vigae vya tope kutoka kwa bwawa lililokauka, vile vinavyojikunja pembeni kama chapati iliyosahaulika. Nikachuja udongo mwekundu kwa chujio la chai, ambalo mama alilitafuta siku mbili akilaumu paka. Nikachemsha gundi ya mgunga na unga kidogo, nikachanganya jivu, mchanga mweupe wa mto, nyuzi za mkonge na mkaa uliosagwa, na kila mchanganyiko nilitaka kujua utafanya nini ukikauka: huu utapasuka? Huu utang'aa? Mbona mchanga unazama na mkaa unaelea? Mtu akiangalia haoni mlima wala ng'ombe, haoni kitu unachoweza kukitaja, lakini ukifumba macho na kuweka mkono ulikuwa unajua uko kwetu.

Kilichokosekana ni kijani. Nilisugua majani ya kunde kwenye ubao, yakatoa kijani cha ajabu, asubuhi nikakuta rangi ya kahawia. Nikajaribu mnavu, kahawia tena. Nikakaa jikoni nikijiuliza rangi huwa inaenda wapi, na katika kujiuliza nikainua macho, nikaona kibuyu.

Sasa, mtu wa huku haelezwi kibuyu cha mbegu, lakini kwa ajili ya wageni: kinaning'inia juu ya moto, mbegu zimechanganywa na jivu ili wadudu wasiingie, na hakiguswi. Mwaka uliotangulia mvua ilitudanganya, tukala mahindi ya kununua miezi mingi, kuna siku tulikunywa uji mwepesi hadi unaona sakafu ya kikombe, na hakuna aliyethubutu hata kukiangalia. Ndani yake kulikuwa na ndengu, ambazo mnajua kijani chake hakifi, na kunde zenye jicho jekundu ambazo mama alikuja nazo kutoka kwao Kanyangi, huko Kitui, alipoolewa. Hapa Matiliku nzima hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

Nilichukua kiganja kimoja tu. Nikazipanga mistari iliyopinda, kama matuta ya shamba yanavyokumbatia mlima, na zilipokamata kwa gundi nikahisi nywele za mkono zikisimama. Lakini mstari mmoja ulionekana mpweke. Nikaongeza wa pili. Kunde nazo zikawa zinaita kutoka kwa kibuyu, na kufikia Alhamisi ubao ulikuwa umejaa na kibuyu kilikuwa kitupu, na kwa sababu mama hukipima kwa kukitikisa sikioni, nilichagua changarawe zenye ukubwa wa ndengu (nilizichagua moja moja, uhalifu wangu ulikuwa na bidii). Mpango wangu ulikuwa mzuri: Jumamosi maonyesho, Jumapili baada ya kanisa naloweka, nabandua, narudisha. Mama alikuwa amesema atapanda Jumatatu kama mawingu hayatamdanganya.

Ijumaa Madam Syombua aliona ubao, akafumba macho na kuupapasa. Kisha, kabla sijafungua mdomo, akaleta kopo la vanishi na kupaka upande wote wa kushoto. Lilimwishia katikati ya ubao. Sijawahi kushukuru umaskini wa shule kama siku hiyo.

Jumamosi mawingu yalikuja kweli, meusi, yakakaa juu ya Kilungu. Mchungaji alifungua kwa maombi marefu ya mvua, na wazazi wote wakaitikia amina kwa uchungu, nami nadhani katika Ukambani nzima nilikuwa mtu pekee aliyekuwa anaomba isubiri kidogo.

Mgeni wa heshima alikuwa afisa wa elimu kutoka Machakos, mwenye suti na tumbo la upole. Alipita milima thelathini na tisa bila kupunguza mwendo, akafika kwa ubao wangu, akasimama. Nikaitwa mbele, nikapewa kipaza sauti kilichounganishwa na betri ya gari, nikaambiwa nieleze. Nikaeleza. Nilisema ardhi inapumua, nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa, na watu wakapiga makofi, nikaanza kuyaamini. Ndipo afisa akatangaza kwamba picha hiyo ataibeba, itatundikwa ofisini kwake, na dereva akaenda kufungua mlango wa nyuma wa gari la serikali.

Mbegu zote za nyumba yetu zilikuwa zinaenda Machakos.

Halafu akaomba mama wa kijana huyu aje apewe mkono. Mwaitu (ndivyo tunavyomwita mama huku) akatoka kwa wanawake wenzake akipangusa mikono kwenye leso ingawa mikono ilikuwa safi. Akapewa mkono, akashukuru, akainama aone kazi ya mwanawe. Kidole chake kikapita kwenye vigae vya tope, kikapita kwenye mkonge, kikafika kwa kunde moja yenye jicho jekundu, kikasimama.

"Mwendwa," akasema polepole, "hizi ni za Kanyangi."

"Ndiyo, Mwaitu."

"Na kule kwa kibuyu kuna nini?"

Ningeweza kudanganya, lakini alikuwa ananiangalia. "Changarawe," nikasema, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu, mdomoni kabisa. Neno likatoka kwa spika iliyofungwa kwenye paa la ofisi, likavuka uwanja, likagonga kilima cha pili na kuturudia: changarawe. Kuna mwanamke nyuma aliyeguna kama amechomwa na mwiba. Kioko alianguka kutoka kwa benchi, na hakuanguka kwa huzuni.

Mama hakunipiga. Alimgeukia afisa, akamwambia kwa heshima, "Mzee, ubao chukua. Mbegu siwezi kukupa, mvua ni hiyo." Akachomoa pini kwenye leso, akaanza kubandua. Wanawake wa mwethya wake, wale wanaolimiana mashamba kwa zamu, wakaja wote na pini zao na kucha zao bila kuitwa, na yule afisa, sijui nani alimwambia, akavua koti na kuwashikia ubao usiyumbe. Madam Syombua alishika beseni. Mimi nilishika kipaza sauti, hakuna aliyekuja kunipokonya.

Afisa hakubeba ubao, alisema ubaki pale ulipozaliwa. Jumatatu mvua ilinyesha, na nilipanda shamba zima peke yangu, na jembe, nikinyeshewa. Zile za vanishi nilizipanda pia, kwa imani, na hazikuota hata moja. Zile nyingine zilichelewa siku mbili, siku mbili ambazo sikula vizuri, kisha zikatoka, ndengu na hata zile za jicho jekundu. Siku hizi nikipita chini ya kibuyu nainamisha kichwa, na nimeapa kwamba nikitaka kijani nitasubiri kiote chenyewe.

Asubuhi ile mimea ilipotokeza, Mwaitu alisimama juu ya tuta, akaangalia udongo mwekundu na mistari yangu ya kijani muda mrefu, hata nikadhani anakaribia kunisamehe. Kisha akasema, "Kwa ubao ulipanga vizuri kuliko hapa. Leta jembe, hii mistari ya juu utaipanda tena."