Gobore la Baba Mdogo na Bango la Mji

Jamani, aibu nyingine mtu huificha, lakini hii yangu sina pa kuificha kwa sababu walioiona ni wengi kuliko nitakaowasimulia, na mpaka leo nikipita stendi ya Handeni hakosi mtu wa kujishika shavu la kulia huku ananitazama, basi mimi najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Ugonjwa wangu ni kutaka kujua. Nina kiduka cha kutoa kopi na kuchapa barua, na kila karatasi inayopita mikononi mwangu lazima nijue ni ya nani na inasema nini (msinitazame hivyo, hata nyinyi mngesoma). Karatasi moja tu ndiyo sikuimaliza, tangazo la kuwataka wenye silaha wazipeleke polisi zikahakikiwe, zikiwa tupu, kila mmiliki na leseni yake. Nikasoma mistari ya juu, nikatoa kopi za kubandikwa mjini, halafu mbio kwenye simu kumpigia Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, anayelima Kwaluguru na ana gobore la kufukuzia nyani.

"Baba, mwisho ni kesho, panda gari la kwanza!"

"Zaina mwanangu, ngoja kwanza nili..."

"Hakuna cha kungoja, watakufutia leseni!" Nikakata simu, nikajiona nimesaidia ukoo.

Kesho yake asubuhi akaingia dukani na gobore limeviringishwa kwenye mfuko wa salfeti. Nikamwamkia, akaitika, akaliegemeza taratibu sana karibu na mashine ya kopi, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lina baruti."

"Lina nini?"

"Baruti. Nililishindilia juzi nyani walipoingia. Jana nilitaka kukwambia ngoja nilifyatue kwanza, ukakata simu."

Yaani mzee alikuwa amesafiri na kitu hicho mapajani kutoka Kwaluguru, amebanana na akina mama na kuku wao! Na gobore si bunduki ya kisasa ya kuchomoa risasi, hili unamimina baruti na vipande vya nondo kwa mdomo wa mtutu, unasukuma kwa fimbo ya chuma, na namna ya kuvitoa anayoijua Baba Mdogo ni moja tu, kufyatua.

"Twende tukawaambie ukweli," akasema.

"Watakunyang'anya! Tangazo limesema tupu."

Akalitazama gobore lake. Mahindi yake yalikuwa yameanza kubeba, na nyani wa kule wanaheshimu mlio wa lile gobore tu, wakijua halipo mzee havuni hata gunzi. Nilimwona anavyovuta pumzi, nikaingiwa na hofu kwa sababu kosa lilikuwa langu, na mimi nikiwa na hofu huwa nazidisha maswali. Nilijua kufyatua bunduki mjini hakuruhusiwi, lakini je, mji unaishia wapi? Nikamuuliza jirani muuza mitumba, akasema darajani. Muuza chai akasema mji unaishia nyumba za umeme zinapoishia. Dereva wa bodaboda akatucheka, "Dada, si pale kwenye bango la kuwakaribisha wageni? Ukikaribishwa hapo, maana yake nyuma yake bado hujafika."

Nikaona huyu ndiye mwanasheria. Tukapanda, mimi nyuma, Baba Mdogo katikati, salfeti kaikumbatia. Tulipolipita bango nikahesabu hatua hamsini kwa miguu yangu (za haki kabisa, sikuiba hata moja), tukashuka pembeni kwenye korongo lenye miiba. Baba Mdogo akapachika fataki ya kuwashia baruti, akaelekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, na hapo ndipo uchunguzi wangu ukaniponza. Miaka yote nimeusikia mlio ule tangu nikiwa mtoto na sijawahi kujua mtu anajisikiaje akiwa nyuma yake.

"Baba, nipe nifyatue mimi."

"Hapana."

"Mara moja tu, nijue."

Nadhani alichoka kubishana nami. Akanipa, akanionyesha, "Kaza begani, shavu lisiliguse." Mimi shavu nikalilaza kama nalala kwenye mto.

Sikusikia mlio, nilisikia teke. Nikakaa chini, moshi kila mahali, pua inawasha, na kabla sijajua kama nimepona nikasikia ardhi inatetemeka. Upande wa pili wa korongo kulikuwa na kundi la ng'ombe wanaokwenda mnadani, na wale ng'ombe hawakukimbilia porini, walikimbilia mjini! Wakapita bango, wakaingia barabara kuu, meza za nyanya zikalala, na mimi nyuma yao, viatu mkononi, nikipiga kelele "Samahani! Samahani!" sijui namwomba ng'ombe gani.

Mwenye ng'ombe, mzee wa Kimaasai, akanifikia stendi, akaegemea fimbo yake akihema. "Mama," akaniuliza kwa upole ulioniumiza kuliko matusi, "ng'ombe wangu wamekukosea nini?"

Tukafikishwa kituoni sote, na nusu ya stendi ikatufuata. Afande akaliweka gobore mezani, akauliza nani kafyatua.

"Mimi," akasema Baba Mdogo, mtu ambaye sijawahi kumsikia akidanganya.

Hakuna aliyemtazama. Watu wote walikuwa wananitazama mimi, na afande akafungua kamera ya simu yake, akanigeuzia nijione. Shavu la kulia lilikuwa jeusi tititi, kuanzia jicho hadi kidevu.

"Ni mimi, afande," nikasema, na machozi yakaanza kuchora njia kwenye masizi.

Akatueleza kwa utaratibu. Bango ni bango tu, mipaka ya mji inalipita mbali, na hata nje ya mji huruhusiwi kufyatua ovyo karibu na barabara, na kumpa silaha asiye na leseni ni kosa jingine. Kisha akanyoosha kidole ukutani kwenye tangazo, kopi yenye ule mstari mweusi ambao mashine yangu huuacha upande wa kulia, akaniambia nisome mstari wa mwisho kwa sauti. Nikasoma: silaha iliyoshindikana kutolewa baruti, mmiliki atoe taarifa kituoni asaidiwe.

Ng'ombe walipatikana wote, mzee akatusamehe, nyanya nikazilipa. Lakini gobore lilizuiwa mpaka mavuno yapite. Baba Mdogo hakunigombeza. Alikunja salfeti tupu, akaitia kwapani, akaenda kutafuta gari, na ile salfeti ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Nikafunga duka nikaenda Kwaluguru kulinda shamba kwa kupiga debe. Jamani, nyani hamwogopi mwanamke! Dume moja lilikaa juu ya kichuguu likila hindi taratibu, linanitazama nilivyokuwa nalitazama mimi, kama na lenyewe linataka kujua. Tulivuna nusu ya mavuno ya mwaka wa kawaida.

Sitashika tena triga, hilo nimeapa, na karatasi nazisoma mpaka mstari wa mwisho. Juzi Baba Mdogo kapiga simu, kaanza, "Zaina, ngoja kwanza..." halafu kikohozi kikamshika. Nikangoja. Kikaisha, akanyamaza, nami nikangoja tu, mpaka akauliza, "Upo?"

"Nipo, Baba. Malizia."